Pima Kumi na Saba

Mlima Rugasa, Kirundo
9 Julai 2024

Kwa mdogo wangu Uthmani,

Assalam alaykum wewe na wote walio chini ya paa lako. Huku tu wazima. Shemeji yako Faruk anakusalimu, duka lake linakwenda, ila kikohozi cha vumbi hakijamwachia tangu Idd. Binti yetu Lubna amefaulu kuingia darasa la nne na sasa anajiona mwalimu. Mwanafunzi wake ni Orlane, katoto ka jirani yangu Spès, ana miaka minne. Anamfundisha kuhesabu. Kakifika kumi na tatu kanarukia kumi na tano, na ukikasahihisha kananuna. Nimesikia ziwa limeingia mpaka sebuleni kwa mjomba Massoudi kule Kajaga, na amehamia kwako na magodoro yake yote. Mpe pole. Mwambie huku kuna watu wanamwonea wivu.

Naandika kwa sababu simu unaikata. Mara tatu nimetamka neno kisima, mara tatu "dada, mtandao mbaya." Karatasi haina mtandao. Bonfils dereva ataileta mpaka mlangoni pa karakana yako hapo Cibitoke, akipata mafuta ya gari.

Uthmani, kisima cha Mama hakitoi maji. Kilianza kukohoa wiki mbili baada ya Idd, sasa mtu anapiga mkono wa pampu mara mia anapata nusu ndoo, tena yenye tope. Uliapa kabla udongo wa kaburi haujakauka kwamba siku ya arobaini ya Mama maji yatatoka hapa, yawe sadaka ya kumfuata alikokwenda. Yakatoka kweli. Siku ya hitma mlima mzima ulikunywa, Wakristo na sisi Waislamu wachache, na jina lake limepakwa rangi ya kijani kwenye chuma: Kisima cha Bi Khadidja. Nililia mbele za watu, na wewe ulilia.

Lakini kumbuka na hili. Mwaka huu tulikuwa kwenye orodha ya serikali ya komini ya kuchimbiwa kisima. Mimi, kwa mdomo wangu, nilisimama mkutanoni nikasema tutolewe, wapewe wengine, maana ndugu yangu ametupa. Melchior, shefu anayeongoza mlima wetu, akatia sahihi. Sasa wanawake wanateremka tena kwenye dimbwi la bondeni, wananywa pamoja na ng'ombe, na wakinipita njiani wananiamkia kwa heshima ambayo siipendi.

Njoo uone, au tuma mtu.

Dada yako,
Sikuzani


Cibitoke, Bujumbura
21 Julai 2024

Dada yangu mpendwa,

Waalaykum salaam. Bonfils alipanga foleni ya mafuta siku nane, ndiyo sababu barua yako imefika imekunjamana hivi. Sisi wazima. Mjomba anakoroma mpaka majirani wanauliza kama tumeleta mashine mpya. Kila jioni anasimulia hitma ya Mama kwa kila mutu anayepita: vile maji yaliruka, vile padri mwenyewe alikunywa. Amezeeka, dada, lakini akifika hapo uso unakuwa wa kijana.

Bon, kisima. Mi nafanya pampu miaka kumi na sita, najua ugonjwa huo. Ni mipira ya ndani, imekwisha. Hao wanawake wenu wanapiga pampu kama wanatwanga majani ya sombe! Nakutumia mipira sita mipya na mafuta ya kulainisha. Faruk anaweza kubadilisha, nimechora kwenye karatasi. Waambie wapige polepole, mkono ushuke mpaka chini.

Usiseme hakitoi maji, dada. Sema kinaumwa. Kila tone linalotoka pale linaandikwa kwa Mama, na mi sipendi kusikia limekauka.

Ndugu yako,
Uthmani


Mlima Rugasa
11 Agosti 2024

Kwa Uthmani,

Salamu nyingi, na mkeo umsalimie. Kikohozi cha Faruk kimepungua. Mbuzi wetu amezaa mapacha, mmoja amekufa.

Mipira imefika. Faruk na Melchior wameifunga kama ulivyochora. Pampu sasa ni laini kama mlango wa tajiri, na inatoa upepo.

Basi nikafanya jambo ambalo labda utakasirika. Nilimwambia Melchior: tutoe vyuma vyote, tupime. Tulivitoa kimoja kimoja, watu sita, asubuhi nzima. Tukafunga jiwe kwenye kamba, nikaipima kamba mwenyewe kwa mikono yangu, pima moja fundo moja, kama Mama alivyokuwa akipima vitambaa vyake. Tukateremsha. Jiwe lilikaa chini kwenye fundo la kumi na saba. Tulirudia mara tatu, Melchior akiamini limekwama. Halikukwama. Kamba ilitoka imelowa pima moja tu ya mwisho.

Pima kumi na saba, Uthmani. Mwalimu wa shule amezigeuza: mita thelathini na moja. Na ile karatasi uliyopeleka komini, yenye muhuri, inasema mita sitini.

Nimekwenda komini na kamba yangu mabegani. Bwana mmoja wa pale hakunitukana, alicheka tu. Akaniambia kisima cha mita sitini hakikauki, tengenezeni pampu yenu, orodha ni ya watu wasio na maji. Nikamwonyesha mafundo. Akasema kamba si hati, mama.

Sasa nakuuliza ndugu yangu, bila hasira: ulichimba mita ngapi?

Sikuzani


Cibitoke
2 Septemba 2024

Dada,

Nakusalimu sana. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, usimwambie mutu bado. Mafuta hakuna kabisa, karakana imelala, mafundi wanacheza karata. Mjomba amepata fedha kidogo ya kupaka ukuta wake chokaa, maji ya ziwa yameanza kurudi nyuma.

Kuhusu kamba. Udongo unaweza kuporomoka ndani, ukajaza. Hayo yanatokea. Mi sikuwepo kila saa wakati wanachimba, Anouar ndiye mwenye mashine, na Anouar yuko Tanzania sasa.

Na we dada, vraiment, unatoa vyuma vya kisima cha Mama mbele ya mlima mzima bila kuniuliza? Na jina lake liko pale? Watu wanasimama wanaangalia kama wanaangalia mutu anavuliwa nguo. Mjomba akisikia atakufa. Subiri mvua. Mvua inakuja mwezi wa kumi, kisima kitaamka, na haya maneno yote yatakuwa bure.

Nakutumia bidoni kumi mpya, za lita ishirini. Nzito, si zile nyepesi za Kichina.

Uthmani


Mlima Rugasa
14 Septemba 2024

Uthmani,

Hongera kwa mkeo. Mungu amfungue salama.

Bidoni zimefika. Ni nzuri. Tumezijaza maji ya dimbwi.

Orlane wa Spès amefariki juzi. Alihara siku tatu. Spès alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, na walipofika akadhani amelala. Nilimwosha pamoja na bibi zake, ingawa si wa dini yetu, kwa sababu Spès aliniomba. Lubna anakaa kwenye jiwe walipokuwa wakihesabia na ukimwita haji.

Spès hakunilaumu. Natamani angenilaumu. Aliniuliza tu kama ndugu yangu wa Bujumbura amejibu kuhusu kamba. Nikamwambia amejibu. Akaniuliza amesemaje. Nikasema barabara mbaya, barua bado iko njiani. Nimemdanganya mama aliyefiwa kwa ajili yako, Uthmani, na sikupata usingizi.

Sasa sikiliza, nasema taratibu uelewe. Komini inafunga orodha tarehe thelathini na moja Oktoba. Wanachotaka ni kimoja tu: karatasi ya aliyekichimbisha kisima, yenye sahihi yake, inayosema ukweli wa urefu wake. Basi. Bila hiyo, tuna kisima kwenye makaratasi, na mwenye kisima haandikwi. Usiniambie nisubiri mvua. Mvua ikinyesha kitatoa maji miezi mitatu, kila mtu atapiga makofi, na kiangazi kijacho tutakuwa bondeni tena. Mvua ndiyo inayonitisha kuliko jua.

Mama hahitaji jina lake kwenye chuma kikavu. Kama kweli kila tone linaandikwa, basi na dimbwi nalo linaandikwa mahali. Kwa nani?

Sikuzani


Cibitoke
29 Septemba 2024

Dada,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeumia. Mpe Spès mkono wa pole, nimeweka ndani ya bahasha ubani wangu kwake. Nimeweka pia vidonge vya kusafishia maji, mia tano. Kimoja kwa bidoni moja, mungoje nusu saa. Waambie watoto wote wasinywe bila kidonge.

Hiyo karatasi unayoitaka, bado natafakari. Si jambo dogo. Wajomba, jirani, msikiti, wote walichanga dua zao pale. Mi nikiandika kwamba kile kisima ni bure, naandika kwamba sadaka ya Mama imekatika. Nani anamfanyia mama yake hivyo kwa mkono wake? Nivumilie.

Uthmani


Kirundo mjini
7 Oktoba 2024

Uthmani,

Salamu. Naandika kwa penseli, samahani. Nipo mjini kwa shughuli. Faruk mzima.

Vidonge vilikwisha siku ya nne. Tuko kaya mia moja na arobaini, labda ulisahau.

Siku zilizobaki ni ishirini na nne. Sitaandika tena mpaka nione karatasi yako.

Sikuzani


Cibitoke
19 Oktoba 2024

Dada yangu,

Bonfils ameniambia. Alikuona kwenye lango la hospitali ya Kirundo, umebeba sufuria. Akakuuliza, ukamwambia ni mgonjwa wa jirani. Akaingia mwenyewe ndani kuuliza, maana anakujua we. Lubna wetu! Tifoidi, tumbo limepasuliwa, siku kumi na mbili kitandani, na we unaniandikia "nipo mjini kwa shughuli"? Dada, moyo wako umetengenezwa na nini? Nililia barabarani, wateja wananiangalia. Faruk naye simu haishiki, mi nimempigia mpaka kidole kimeuma.

Karatasi ni hii. Nimeandika nakala tatu, moja komini, moja kwa Melchior, moja ibaki kwako:

"Mimi Uthmani, fundi wa pampu, Cibitoke, Bujumbura, nathibitisha kwamba kisima cha mlima Rugasa kilichimbwa mita thelathini na moja, si sitini. Mwenye mashine alitaka kuendelea. Mimi ndiye niliyemwambia asimame, na mimi ndiye niliyemwambia aandike sitini. Kiangazi kisima hiki hakina maji na hakitakuwa nayo. Naomba watu wa mlima huu warudishwe kwenye orodha."

Nimetia sahihi mbele ya mashahidi wawili na muhuri wa mtaa.

Sasa nikuambie vile ilivyokuwa. Tulipata maji Alhamisi, mvua inanyesha kila siku, mnakumbuka mwaka huu ulivyokuwa. Anouar akasema haya ni maji ya juu, ya mvua, tushuke mpaka tupasue mwamba, nipe siku nne. Mi nikahesabu. Hitma ilikuwa Jumamosi. Mjomba ameshaalika, mchele umeshapakiwa. Nikamwambia funga. Akabisha, nikamfokea.

We unajua mi sikuwepo Mama alipokata roho. Aliniita tangu asubuhi, na mi nilisema namaliza injini moja tu, nakuja. Nilifika wameshamfunika. Nilichelewa kifo chake, dada. Sikutaka nichelewe na arobaini yake. Ni hilo tu, hakuna jingine, na nilijua siku ileile kwamba kiangazi kitanikamata.

Nimemwambia mjomba. Nilimsomea karatasi yote. Hakunifokea. Alikunja magodoro yake, akarudi Kajaga kwenye nyumba ambayo ukuta bado unavuja, na mpaka leo hajashika simu yangu.

Muuguze Lubna. Mwambie mi mjomba wake ni mjinga lakini nampenda.

Uthmani


Mlima Rugasa
5 Novemba 2024

Kwa mdogo wangu,

Assalam alaykum. Lubna amerudi nyumbani. Amebaki macho na magoti, lakini jana alidai samaki wa Kirundo mjini, wa kukaanga, na alipokosa alimtukana baba yake. Faruk alifurahi akakimbia nje kuficha uso. Mbuzi aliyebaki anakua. Umsalimie mkeo, na asinyanyue vitu vizito.

Karatasi ilifika tarehe ishirini na saba. Melchior alipanda baiskeli siku hiyohiyo. Tumeandikwa. Sisi ni wa nne, na mashine itafika kabla ya kiangazi kijacho, inshallah. Safari hii mwalimu na mimi tutasimama palepale na kamba tukipima, hata wachimbaji wanune. Mvua ilianza siku tatu baadaye, na kisima kimeamka kama ulivyosema. Yule bwana wa komini alipita, akapiga pampu, maji yakamrukia viatu. Akasema, mbona kinatoa? Nikamwekea karatasi yako mbele ya macho.

Kwa hiyo asante. Nasema asante, na ninaimaanisha. Kukiri kama huku sijaona kwa mwanaume wa ukoo wetu.

Lakini kuna jambo, na sitalala nalo peke yangu. Karatasi yako ilisomwa mkutanoni, kwa Kirundi, Melchior akitafsiri. Watu walisikiliza. Wengine walikuhurumia kwa ajili ya Mama. Spès alikuwa amekaa nyuma kabisa. Walipomaliza alisimama akauliza kitu kimoja: hiyo karatasi iliandikwa tarehe gani? Melchior akasoma, tarehe kumi na tisa Oktoba. Spès akahesabu kwenye vidole vyake. Kisha akanigeukia mimi, si Melchior, akauliza: ndugu yako aliandika baada ya kusikia habari za Lubna?

Alikaa chini, akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka kabla ya dua.

Sasa na mimi nakuambia kwa nini nilikuficha hospitali. Sikutaka Lubna awe ndiye sababu. Nilitaka uandike kwa ajili ya watu wa hapa, uandike kwa sababu ni kweli. Nililala chini ya kitanda chake siku kumi na mbili nikisema, kesho itafika, kesho itafika, kabla hajajua. Habari za Orlane nilikuandikia, ukatuma vidonge. Habari za Lubna sikukuandikia, na ukatuma karatasi.

Kwa hiyo nakuuliza swali la Spès, maana anapita mlangoni kwangu kila asubuhi na haulizi tena. Lubna asingeugua, ungeandika?

Usinijibu kwa simu.

Dada yako,
Sikuzani


Cibitoke
16 Novemba 2024

Dada Sikuzani,

Waalaykum salaam. Mke wangu mzima, mutoto anacheza tumboni. Mjomba amepokea simu jana, akasema "nimekusikia," akakata. Ni mwanzo.

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Niliandika jibu la kwanza, nikasema ningeandika tu, nilikuwa nimeshaanza, kalamu ilikuwa mkononi. Nikalichana. Nikaandika la pili, nikaeleza mambo ya mjomba na msikiti. Nikalichana nalo. Mafundi wakaniuliza kama naandika wasia.

Jibu ni apana.

Nisingeandika. Nilisoma kwamba mutoto wa Spès amekufa, nikasema inna lillahi, nikala chakula cha jioni. Kesho yake nikaenda kununua vidonge na nikajisikia mutu mwema. Ningengoja mvua, dada. Mvua ingenyesha, kisima kingetoa, na ningekupigia simu nikucheke.

Natoka Ijumaa na Bonfils, amepata mafuta; barua hii nimeitanguliza kwa basi. Nakuja na funguo zangu za mabomba ili siku mashine itakapofika pampu iwe imeshang'olewa tayari, na ile rangi ya kijani nitaikwangua mimi mwenyewe, jina la Mama si la kuwekwa pale nilipoliweka. Usinichinjie chochote. Usiwakusanye watu.

Nenda tu kwa Spès kabla sijafika. Mwambie swali lake nimelijibu, na mwambie jibu lenyewe, usilipunguze. Halafu mwambie nitafika mlangoni kwake Jumamosi asubuhi nimwambie tena kwa mdomo wangu. Akitaka kufunga mlango, afunge. Nitasimama nje mpaka anifukuze.

Uthmani